Lini Hasa? Kiingereza cha Tarehe ya Mwisho Kazini

Februari 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto nchini Marekani, majeshi ya Kusini yalianza kupokea mateka katika kambi mpya huko Andersonville, jimbo la Georgia. Kambi ilikusudiwa watu 10,000. Kufikia Agosti mwaka huohuo walikuwa wamesongamana zaidi ya 32,000, wengi wao bila banda la kuwakinga jua, wakinywa maji ya kijito kilekile kilichokuwa choo chao. Ndani ya ukuta wa magogo, kama mita sita kutoka ukutani, vilichomekwa vigingi na juu yake ukapigiliwa ubao mwembamba. Walinzi waliokaa vibandani juu ya ukuta walikuwa na amri moja: mateka akivuka pale, apigwe risasi. Mpaka huo uliitwa "dead line", yaani mstari wa kifo.

Takriban mateka 45,000 walipita Andersonville na karibu 13,000 walifia humo, wengi kwa njaa na maradhi. Vita vilipokwisha, mkuu wa gereza hilo, Kapteni Henry Wirz, mzaliwa wa Uswisi, alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Washington. Mstari ule ulitajwa katika hati ya mashtaka. Waendesha mashtaka walieleza kwamba sehemu nyingine ulikuwa ni vijiti dhaifu vinavyohamahama, na sehemu nyingine haukuwapo kabisa ila katika fikra za mlinzi. Wirz alinyongwa tarehe 10 Novemba 1865.

Mwanzoni mwa karne ya 20 neno hilo lilikuwa limehamia kwenye mitambo ya uchapaji, likitaja alama ambayo herufi zikiipita hazichapiki vizuri. Muda si mrefu wahariri wa magazeti ya Marekani wakalitumia kwa saa: habari ikifika baada ya hapo, haimo gazetini. Kufikia mwaka 1952 lilikuwa la kawaida kiasi cha kuwekwa kwenye jina la filamu, "Deadline – U.S.A.", ambamo Humphrey Bogart aliigiza mhariri. Leo hakuna ofisi isiyolijua. Wakenya wanasema makataa, Watanzania tarehe ya mwisho au muda wa mwisho, na kwenye korido za ofisi, huku na huko, watu husema tu dedilaini.

Mfanyakazi wa Afrika Mashariki hukutana na msamiati huu kila siku ya kazi: kwenye tangazo la zabuni, mkataba wa mfadhili, barua ya chuo cha ng'ambo, ujumbe wa bosi aliyeko London. Wengi hudhani shida yao ni sarufi. Kwa kawaida sarufi wanayo. Kinachowaponza ni kwamba misemo ya Kiingereza kuhusu muda wa kazi, kama ule mstari wa Georgia, mara nyingi haionyeshi wazi mpaka uko wapi.

Saa ya kumi na moja

Kuna msemo mmoja ambao Mswahili anauelewa kuliko Mwingereza mwenyewe. Mwingereza husema jambo limefanyika "at the eleventh hour", saa ya kumi na moja, akimaanisha dakika za mwisho kabisa. Ukimwuliza kwa nini kumi na moja, atakisia kwamba ni kabla tu ya saa sita usiku, ambayo saa yake huiandika 12. Asili yenyewe ni Injili ya Mathayo, sura ya 20, mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyeajiri vibarua alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, halafu akawalipa wote ujira uleule.

Saa za mfano huo zinahesabiwa kuanzia macheo, sawasawa na saa za Kiswahili. Saa kumi na moja ni jioni, jua likikaribia kuzama na kazi ya shamba ikibakiza saa moja. Baadhi ya tafsiri za kisasa za Kiingereza zimelazimika kuandika "saa tano alasiri" kwa hesabu ya kizungu ili msomaji afahamu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hahitaji maelezo. Ni saa ileile anayofunga duka.

Wengine huuhusisha msemo huu na kumalizika kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 11 ya mwezi wa 11 mwaka 1918, bunduki ziliponyamaza saa tano asubuhi, yaani 11 kwa saa ya Ulaya. Msemo ni wa zamani zaidi ya vita hivyo. Ila saa ile iliacha somo lake Afrika Mashariki: Paul von Lettow-Vorbeck na jeshi la Wajerumani, wakiwa porini katika Rhodesia ya Kaskazini, hawakupata habari siku hiyo. Alisalimisha silaha mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha. Makataa hayana maana kwa mtu ambaye hayajamfikia.

Misemo mingine ilitoka viwanjani. "Down to the wire" ni ya mbio za farasi Marekani, ambako waya ulitandazwa juu ya mstari wa kumalizia. Kazi "iliyofika kwenye waya" ni ile ambayo haijulikani kama itawahi mpaka hatua ya mwisho. "Close of play" ni ya kriketi, wakati wachezaji wanapotoka uwanjani jioni, na Waingereza huitumia kwa maana ya mwisho wa siku ya kazi. "ASAP", yaani mapema iwezekanavyo, inaonekana katika maandishi ya jeshi la Marekani miaka ya 1950, na hadi leo inabeba ukali wa kambini: ukimwandikia mtu anayekuzidi cheo, itasikika kama amri.

Mbele ni wapi?

Mtego mkubwa kuliko yote umejificha katika maneno mawili madogo, mbele na nyuma.

Gazeti la Kiswahili likiandika kwamba mechi imesogezwa mbele, kila msomaji anaelewa kuwa imeahirishwa: ilikuwa Jumamosi, sasa itachezwa Jumanne. Mwingereza akiandika "the meeting has been brought forward", neno kwa neno mkutano umeletwa mbele, lakini maana yake ni kinyume: umewahishwa. Naye akiandika "pushed back", yaani umesukumwa nyuma, ndipo anapomaanisha umeahirishwa. Karani wa Dodoma anayetafsiri kichwani ataingia ukumbini siku tatu baada ya wenzake kumaliza kikao na kugawana majukumu.

Wenye lugha wenyewe hawajakubaliana. Watafiti wa Marekani wamewauliza watu mara nyingi swali moja: mkutano wa Jumatano ijayo "has been moved forward two days", sasa ni siku gani? Takriban nusu hujibu Jumatatu, nusu Ijumaa. Lera Boroditsky na Michael Ramscar, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002, waliwauliza watu kwenye uwanja wa ndege wa San Francisco, na wakakuta kwamba waliotoka kushuka kwenye ndege walielekea zaidi kujibu Ijumaa kuliko waliokuja kuwapokea. Anayejiona yeye ndiye anayesafiri kuelekea siku zijazo, mbele kwake ni kule anakokwenda, kwa hiyo ni baadaye. Anayeziona siku zikimjia, mbele ni kwake, kwa hiyo ni mapema zaidi.

Wahindi walichoshwa na utata huo zamani. Wana neno lao la Kiingereza, "prepone", kinyume cha "postpone", lenye maana moja tu ya kuwahisha. Mwingereza akilisikia hukunja uso, lakini hakosei siku.

Vihusishi navyo vina yao. "By Friday" ni si zaidi ya Ijumaa. Ukileta Jumatano umefanya vyema. "Until Friday" ni jambo linaloendelea hadi Ijumaa ndipo likome. Kiswahili kina neno moja, hadi au mpaka, linaloweza kubeba yote mawili: una hadi Ijumaa kuwasilisha, na atakaa hadi Ijumaa. Ndiyo maana sentensi "I will finish it until Friday" huandikwa na watu waliosoma vizuri kabisa. Vivyo hivyo "in two weeks" ni wiki mbili zikishapita, na "within two weeks" ni ndani ya wiki mbili. Mkandarasi aliyeahidi la kwanza akidhani ameahidi la pili, au kinyume chake, atajikuta anabishana na mteja huku kila mmoja akinyooshea kidole karatasi ileile.

Mwisho wa siku ya nani?

Chukua ujumbe mmoja wa kawaida. Msimamizi wa mradi aliyeko New York anamwandikia mhasibu wa Dar es Salaam: "Please send by EOD Friday." Herufi hizo tatu ni kifupi cha "end of day", mwisho wa siku. Wengine huandika COB, mwisho wa shughuli za ofisi. Tuseme ni saa kumi na moja jioni. Ya New York? Mwezi wa Julai, hiyo ni saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi kwa Dar es Salaam. Mwezi wa Januari ni saa saba usiku, kwa kuwa Wamarekani hurudisha saa zao nyuma majira ya baridi na Afrika Mashariki haibadilishi saa. Kama ni saa kumi na moja ya Dar es Salaam, basi ujumbe ule unamtaka mhasibu amalize asubuhi ya New York, bosi akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Tofauti ni saa saba au nane za kazi, na ujumbe hausemi ni ipi.

Mikutano ya kitaaluma ya sayansi ya kompyuta imepata ufumbuzi wa ajabu kidogo. Tangazo husema saa 23:59 "Anywhere on Earth", popote duniani: muda haujaisha maadamu bado kuna mahali fulani ambapo tarehe hiyo haijapita. Kwa vitendo hufuatwa majira yaliyo nyuma ya saa ya dunia kwa saa 12. Mtafiti wa Nairobi au Kampala anayejua hilo anayo mpaka saa nane na dakika 59 mchana wa siku inayofuata. Asiyejua atakesha bure.

Usiku wa manane nao ni kesi. "Midnight Friday" ni usiku unaoianza Ijumaa au unaoimaliza? Mawakili wengi hukwepa kwa kuandika 11:59 p.m. Kiswahili cha pwani kina utata unaofanana na huo: kwa hesabu ya zamani siku huanza magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi jioni, wakati kwa wafanyakazi wengi wa mijini leo ni usiku baada ya Ijumaa yenyewe. Lakini Kiswahili kimejitengenezea dawa, usiku wa kuamkia, na vyombo vya habari huitumia kila siku. Kiingereza hakina kitu chepesi kama hicho.

Adabu yenye makucha

Sasa usome ujumbe huu, wa aina inayopokelewa kila Jumatatu: "Just a gentle nudge on the report. No rush, but it would be great to have it by close of play Thursday."

Kwa juu juu ni upole mtupu. "Gentle nudge" ni kugusa kwa kiwiko, taratibu. "No rush" ni hakuna haraka. "It would be great" ni ingependeza sana. Mfanyakazi mgeni huhitimisha kwamba Ijumaa pia si mbaya. Mwandishi wa ujumbe huo anamaanisha: nimeshakukumbusha, ripoti imechelewa, na Alhamisi jioni naitaka mezani. Mzigo wote uko kwenye neno Alhamisi. Mengine ni mapambo.

Kiswahili pia kina adabu yake. Naomba unitumie ripoti ni ombi kwa sura na agizo kwa maana, na hakuna karani anayejibu kwamba ombi limekataliwa. Tofauti ni kwamba Kiswahili hulainisha mwanzo wa sentensi na kuacha agizo wazi, ilhali Kiingereza cha ofisini, hasa cha Uingereza, hulainisha agizo lenyewe mpaka likafanana na wazo lililopita kichwani. "At your earliest convenience" kinadharia ni ukipata nafasi. Kwenye barua ya benki ni lipa sasa. "I was wondering if" ni nilikuwa najiuliza kama, na anayejiuliza ni yule anayelipa mshahara.

Majibu nayo yana ukungu uleule. "Leave it with me", niachie mimi, inaweza kuwa ahadi ya dhati au njia ya kukuondoa mlangoni. "It's on my radar", ipo kwenye rada yangu, inamaanisha ameiona, haimaanishi ameianza. "I'm snowed under", nimefunikwa na theluji, husemwa hata Mombasa kwenye jua la Februari, na maana yake ni usiniongezee kazi. Mswahili asicheke sana: anayo nipo njiani, inayosemwa na mtu aliye bafuni.

Wafanyakazi wazoefu wameshajifunza kugawa. "Soft deadline" ni tarehe ambayo ikipita mtu hukunja uso tu. "Hard deadline" ikipita, kazi imekufa. Na kwa kuwa watu walizoea kuichezea hata hiyo, ikazuka "drop-dead date", siku ya kudondoka na kufa. Ilibidi kifo kiongezwe kwenye neno ambalo tayari lilikuwa nacho.

Kuomba siku

Mpaka ukikaribia na kazi haijaisha, neno ni "extension", nyongeza ya muda. Afrika Mashariki inaijua. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole Tanzania ulipaswa kufungwa tarehe 31 Desemba 2019. Ukaongezwa hadi 20 Januari 2020. Kenya iliweka 15 Aprili 2022, foleni zikajaa, ikaongeza miezi sita. Raia aliyezoea nyongeza hizo huja ofisini akiamini kwamba kila tarehe ina tarehe nyingine nyuma yake.

Nyingine hazina. Mkenya asiyewasilisha ritani ya kodi kufikia 30 Juni hupigwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya inataka zabuni iliyochelewa irudishwe bila kufunguliwa. Na Marekani, ambako siku ya kodi ni 15 Aprili tangu mwaka 1955, anayejaza fomu ya kuomba nyongeza hupewa mpaka 15 Oktoba kuwasilisha hesabu, ila si kulipa. Deni lenyewe huanza kuzaa riba siku ileile ya Aprili. Neno ni moja, lakini kinachoongezwa ni kitu kimoja kati ya viwili.

Kwenye mikataba, hatari kuu ni "time is of the essence". Mitaani watu huitumia kusema fanya haraka. Katika sheria ya mikataba ya Kiingereza, iliyorithiwa na Kenya, Uganda na Tanzania, maneno hayo yanaufanya muda kuwa sharti la msingi: ukichelewa hata kidogo, mwenzako anaweza kuuvunja mkataba wote. Ikikutana na jicho lako kwenye karatasi ya kusainiwa, kalamu isubiri kwanza.

Kuna sababu ya kutojiamini sana hata pale tarehe inapokuwa wazi. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti wa wanafunzi wa saikolojia nchini Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu za mwaka wa mwisho. Kwa wastani walikadiria kumaliza kwa siku 33.9. Walitumia 55.5. Waliotimiza makadirio yao wenyewe walikuwa chini ya theluthi moja, na hiyo ilikuwa tarehe waliyojipangia.

Kwa hiyo ujumbe wowote unaotaja muda kwa Kiingereza ujibiwe siku hiyohiyo, kwa sentensi moja isiyo na mbele wala nyuma, yenye siku, tarehe, saa na mji: "To confirm: Thursday 12 June, 5 p.m. Dar es Salaam time." Hakuna bosi anayechukizwa na uthibitisho huo. Ukiona hutawahi, andika mapema na utaje tarehe mpya mwenyewe, kwa mfano "Would Monday at noon work?", maana anayesema tu kwamba amechelewa anamwachia mwenzake kazi ya kupanga. Na kama wewe ndiye unayetoa agizo, futa EOD, futa ASAP, na uandike saa.